Tobo Lililolindwa na Serikali

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote mliyonayo, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na wananchi wake ni wapole hadi wanatia hasira. Asije mtu baadaye akanishika shati akisema ameitambua. Kama ameitambua, hilo ni lake na dhamiri yake. Mimi nasimulia tu.

Katika nchi hiyo kila tatizo hufanyiwa utafiti. Mtu akizama mtoni, kwanza huulizwa umri, kiwango cha elimu na idadi ya wategemezi, na akiwa bado yuko juu ya maji huombwa atoe maoni yake kuhusu kina. Niliwastahi sana kwa jambo hili. Nchi nyingine hukurupuka zikaokoa watu, na mpaka leo hazijui waliokuwa wanazama walisoma mpaka darasa la ngapi.

Msimamizi wa mambo hayo alikuwa Mheshimiwa Festo Mwakarobo, Waziri wa Maji, Mito, Mvua na Vyote Vinavyolowa. Mheshimiwa huyu alikuwa hajawahi kulowa. Siku za mvua alikuwa na mtu wa mwavuli, na mtu wa mwavuli alikuwa na mtu wake wa mwavuli, ili yule wa kwanza asije akapata mafua akamwambukiza Mheshimiwa.

Sasa, chini ya milima ya nchi hiyo kuna kijiji kinaitwa Kilowoko, kijiji cha wakulima wa vitunguu. Mvua ya hapo haina adabu, huja ikitaka na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo watu hutegemea mfereji mmoja uliochimbwa na babu zao. Unaanzia kwenye banio la mto kule juu, unazunguka vilima, unashuka mpaka mashambani. Kila mwaka masika yakiisha hubomoka mahali fulani. Hapo pembe hupulizwa, na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Wao wanaita msaragambo. Hakuna anayelipwa. Wengine hukata nyasi, wengine hubeba udongo wa mfinyanzi kwa karai, wengine hubandika makande, na jioni maji hupita na watu hula. Asiyefika bila sababu hutozwa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa mbele ya macho yake huku akitakiwa kusifu upishi.

Mwaka huo tobo lilitokea kwenye kona ya mwamba, juu kidogo ya barabara. Halikuwa tobo la kutisha. Mbuzi wawili wenye maelewano mazuri wangelipita sambamba. Lakini maji yote yalitokea hapo, yakavuka barabara, yakaishia korongoni bila kumfaa mtu, na mfereji wa chini ukabaki na vyura waliokuwa wakishangaa.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni Namkunda. Mumewe alikwenda kutafuta kazi migodini, akaipata, akaipenda kuliko nyumbani. Namkunda akabaki na watoto watatu na shamba lililo mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo maji yakipungua hupungua kwake kwanza. Mwaka uliotangulia vitunguu vyake viliungua kwa jua. Sasa alikuwa ameuza ng'ombe wake wa pekee akanunua mbegu, akasia kitalu nyuma ya nyumba, na miche ilikuwa imechipua myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Ikifa hiyo, hakuwa na kitu kingine. Ilibidi aende kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na kambini watoto hawaruhusiwi, kwa hiyo angewagawa kwa ndugu, mmoja huku mwingine kule. Alikwisha kuwaambia. Mdogo wao aliuliza kama atagawiwa pamoja na kuku.

Pembe ilikuwa ipulizwe Jumamosi. Alhamisi yakaja magari.

*

Yalikuwa magari meupe, na kutoka gari la mbele akashuka Profesa Domisiani Kabuntu, mtaalamu mkuu wa taifa katika fani ya upungufu. Alikuwa amevaa shati jeupe na fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tobo, akalitazama, macho yakamlegea.

"Ndugu wananchi," alisema baada ya kijiji kukusanywa kwenye uwanja wa shule, "nimezunguka nchi nzima nikitafuta tobo lenye sifa. Nimekatishwa tamaa. Kila ninakofika nakuta wananchi wameziba kiholela, bila kushirikisha wataalamu. Wanaharibu urithi wa kisayansi! Lakini hili la kwenu, ndugu zangu, halijaguswa."

Watu wakapiga makofi. Ni watu wenye adabu, na hawajawahi kusifiwa tobo.

Profesa akaeleza kwamba wamechaguliwa kuingia katika Mradi Shirikishi wa Kuimarisha Ushirikiano wa Wadau kwa Ajili ya Uendelevu wa Maji na Kipato cha Kaya. Mradi ulikuwa na jina la mkato, lakini jina la mkato lilikuwa refu kuliko jina la kijiji, kwa hiyo nitaliacha. Ungekuwa na utafiti, mafunzo na wabia kutoka ng'ambo.

"Kabla hatujaendelea, swali dogo tu," alisema. "Hapa kijijini mna utaratibu wowote wa kushirikiana katika kukarabati mfereji?"

"Ndiyo, Profesa," Namkunda akajibu kutoka nyuma. "Tuna msaragambo. Jumamosi hii ndiyo..."

Profesa akanywea. Akafunga kalamu yake. Akatazama magari.

"Kama mnao, basi samahani sana. Mradi huu ni kwa jamii zisizojua kushirikiana. Wabia wetu wamesisitiza. Hatuwezi kuwafundisha watu kitu wanachokijua, huo ungekuwa ubadhirifu."

Hapo ndipo Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kangero, aliporuka kutoka kitini. Msimlaumu haraka. Kijiji cha jirani kilipata mradi wa nyuki, na ingawa nyuki hawakuonekana, mwenyekiti wa huko alibaki na pikipiki. Tangu siku hiyo Bwana Kangero alikuwa halali vizuri akisikia mlio wa pikipiki ile ikipita.

"Profesa, huyu mama amechanganya mambo! Sisi hapa hatushirikiani hata kidogo. Ni watu wabaya sana. Kila mtu na lake."

"Kweli?" Profesa alirudisha kalamu mkononi.

"Kweli kabisa. Waulize."

Watu wakatazamana. Desturi ya Kilowoko ni kwamba mwenyekiti haaibishwi mbele ya wageni. Mkimtaka, mtamkamata baadaye, mbele ya mkewe. Kwa hiyo wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akataka kusaidia zaidi, akasema, "Tunachukiana."

"Hata misibani?"

"Misibani ndiyo usiseme."

Profesa aliandika kwa furaha mpaka jasho likamtoka. Jioni ile Bwana Kangero alipita nyumba kwa nyumba akisihi majembe yafichwe uvunguni, na pembe ya msaragambo ikazikwa ndani ya pipa la mahindi. Wanaume wa Kilowoko wakaanza kupita njiani bila kusalimiana, kwa zamu, kila magari meupe yanapoonekana.

*

Jumamosi ilipofika, tobo lilikuwa limezungushiwa utepe mwekundu, na bango limesimikwa: ENEO LA UTAFITI. USIZIBE. Kulikuwa pia na mlinzi. Nchi ile ina shule zisizo na walimu na zahanati zisizo na waganga, lakini tobo lilipata mlinzi kabla ya siku mbili kuisha. Aliitwa Mbonea, mdogo wa yule mume wa Namkunda aliyepotelea migodini. Walimpa koti la kung'aa na filimbi.

Namkunda alifika na jembe begani.

"Shemeji, simama hapo hapo," Mbonea akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu.

"Nisimame nini? Nisogezee hiyo kamba."

"Siwezi. Nimewekwa."

"Umewekwa kulinda shimo, Mbonea? Litaibiwa?"

"Wanasema likizibwa wanapoteza hali halisi."

"Hali halisi ni hii?" Alinyoosha kidole kwenye maji yaliyokuwa yakiruka barabara na kutumbukia korongoni. "Basi nipe ndoo moja tu. Nikamwagie miche."

Mbonea aliinama. "Hata ndoo hairuhusiwi. Wanayapima yanayomwagika. Ukichota, unawaharibia hesabu."

Namkunda alishusha jembe begani. Mbonea huyo alilelewa na shemeji yake huyu tangu ana kamasi. Huyu ndiye aliyemfungia mzigo siku ya kwanza ya shule.

"Watoto wa kaka yako wanaijua sura yako," alimwambia. "Usije ukapita kwangu ukiwa na hilo koti."

Akaondoka. Mbonea akapuliza filimbi kidogo, bila sababu, labda ili asisikie ukimya.

*

Utafiti ukaanza. Vijana kutoka mjini walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, na chupa za maji zikining'inia viunoni mwao. Je, unapata maji ya kutosha? Kama hapana, unajisikiaje? Kwa maoni yako, maji ni muhimu sana, muhimu, muhimu kiasi, au si muhimu? Walimuuliza Namkunda maswali hayo akiwa amepiga magoti kitaluni, akimimina juu ya miche maji waliyonawia watoto uso.

"Mfereji umetoboka," alijibu. "Uzibeni."

"Hilo halimo kwenye majibu, mama. Chagua mojawapo."

"Chagua wewe."

Kijana akachagua "muhimu kiasi".

Baada ya maswali ikaja warsha. Warsha haikuweza kufanyika Kilowoko, kwa sababu Kilowoko hakuna maji. Wawakilishi wa kijiji, Namkunda akiwamo kwa kuwa walihitaji wanawake, wakabebwa hadi hoteli moja mjini yenye bwawa la kuogelea. Humo wakafundishwa kushirikiana. Mkufunzi, dada mmoja mchangamfu sana, aliwasimamisha duara akawapa kibunda cha uzi warushiane, kila anayedaka aseme jina lake. Watu wale wamezaliwa pamoja, wamezikana, wameoleana. Walirusha uzi wakitaja majina yao kwa sauti za woga, na mkufunzi akapiga makofi akisema, "Mnaona? Sasa mmefahamiana!"

Kisha wakachorewa ukutani picha ya watu wakiwa na majembe wakichimba pamoja.

"Mbinu hii ni mpya," alisema Profesa. "Tumeithibitisha kwa gharama kubwa. Watu wengi wakifanya kazi moja kwa pamoja, kazi huisha mapema. Tafadhali msiitumie kabla ripoti haijatoka."

Kila aliyehudhuria alitia saini karatasi ya mahudhurio, akapewa posho, soda na fulana. Siku ya pili wakaja wengi zaidi. Siku ya tatu walikuja hata waliokuwa wagonjwa. Nilimwona mtu mzima mwenye wajukuu akigombea soda ya chungwa, na mimi, ambaye naipenda nchi ile kama mlivyosikia, niligeuza uso nikatazama bwawa.

Namkunda hakugombea soda. Yeye alikuwa akipita nyuma ya viti baada ya kila kikao, akiokota chupa za maji ambazo wataalamu walikunywa funda moja wakaziacha. Alizitia kwenye mfuko wa salfeti. Usiku hotelini alizimimina pamoja, nusu kwa nusu, ili zisimwagike njiani. Warsha ilipokwisha alirudi na mfuko mzima kichwani, na miche ya kitalu chake ikanywa maji ya hoteli, mche kwa mche, kwa kifuniko cha chupa. Haikufa. Ilinyong'onyea, ikajikaza, ikasimama.

Profesa akasikia. Alifika mbio na mpiga picha.

"Hii nini, mama?"

"Chupa zenu."

"Hapana," alisema Profesa. "Huu ni Umwagiliaji wa Chupa. Huu ni ubunifu uliotokana na warsha yetu!"

Akaomba apigwe picha ameshika kifuniko.

*

Habari za Umwagiliaji wa Chupa zilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka zikamfikia Mheshimiwa Mwakarobo, ambaye alikuwa anatafuta kitu cha kuzindua. Ikatangazwa kwamba angekuja Kilowoko mwenyewe. Wilaya nzima ikashikwa homa. Mawe yakapakwa chokaa. Mbwa wakafungwa. Kisha Mkuu wa Wilaya alipokuja kukagua njia, gari lake likanasa kwenye tope pale maji ya tobo yanapovuka barabara.

"Haya maji yanatoka wapi?" alifoka, buti moja likiwa limebaki topeni.

"Kwenye tobo la utafiti, mkuu," Mbonea akajibu.

"Mheshimiwa apite hapa? Kwenye tope? Lizibwe leo!"

Profesa akajaribu kusema neno kuhusu hali halisi. Mkuu wa Wilaya akamwuliza kama yeye ndiye atakayembeba Waziri mgongoni.

Pembe ikatolewa kwenye pipa la mahindi, ikakung'utwa, ikapulizwa. Majembe yakatoka uvunguni. Laiti mngewaona! Watu waliokuwa hawasalimiani walimwagika pale kwenye kona ya mwamba wakitaniana na kutukanana kwa upendo, huyu anakata nyasi, yule anashindilia udongo, karai zinapita mkono kwa mkono, na mtu mmoja akaanzisha wimbo. Kabla jua halijafika utosini tobo lilikuwa limezibwa na barabara imeanza kukauka. Profesa alitazama mdomo wazi. Halafu akaandika: *Matokeo ya mafunzo yameonekana mapema kuliko ilivyotarajiwa.*

Maji yakashuka mferejini. Namkunda aliyasikia kabla ya kuyaona, akatoka mbio na yule mdogo mgongoni, akayakuta yanaingia shambani kwake, yanatafuta njia kati ya matuta. Alichovya mikono akajipaka usoni. Kisha akafanya jambo la busara. Alikwenda kumtafuta Mwenyekiti.

"Bwana Mwenyekiti, nieleze ukweli. Maji haya ni ya kukaa? Nihamishe miche?"

"Namkunda, mambo gani haya? Serikali yenyewe ndiyo imeziba. Nani tena wa kuzibua?"

Basi akahamisha. Yeye na watoto wake waling'oa miche yote ya kitaluni wakaipandikiza shambani, mpaka viuno vikawakatika. Mkubwa alichimba, wa kati aligawa miche, na mdogo alikuwa akiuambia kila mche ukae vizuri. Jioni shamba lote lilikuwa limesimama, la kijani, linang'aa maji. Namkunda aliwapikia watoto ugali akawaambia hakuna atakayegawiwa kwa mtu.

Kesho yake Mheshimiwa alifika. Aliongozwa hadi kitaluni kwa Namkunda, ambako hakukuwa na mche hata mmoja, kwa kuwa vitunguu vilikuwa vimekwenda vinakotakiwa kuwa. Jambo hilo halikumsumbua mtu. Hema lilikwisha kusimikwa, ratiba ilikwisha kuchapwa. Mheshimiwa alipewa chupa yenye utepe.

"Adui zetu walisema haiwezekani!" alinguruma. "Walisema wakulima wanahitaji mifereji! Leo tunawajibu kwa chupa! Serikali hii sikivu itahakikisha kwamba kila mkulima anapata chupa yake, na kwa kushirikiana na wabia, baada ya tathmini, kifuniko chake!"

Akamimina maji kwenye udongo mtupu. Mtu wa mwavuli akasogea ili Mheshimiwa asije akarukiwa na tone. Watu wakapiga makofi, na Mkuu wa Wilaya akapangusa chozi.

*

Magari yalipoondoka, Profesa alibaki. Alimwita Mwenyekiti pembeni. Wabia wa ng'ambo wangefika wiki ileile kuliona tobo ambalo wamelisoma katika barua zake. Wakikuta hakuna tobo, hakuna mradi. Na awamu ya pili, Profesa alinong'ona, ina kifungu cha usafiri wa viongozi wa kijiji.

Pembe ikapulizwa tena.

Watu walikusanyika kwenye kona ya mwamba. Mwenyekiti akaeleza kazi, akakohoa, akaeleza tena. Hakuna aliyesogea. Kwa muda mrefu walisimama hivyo, majembe begani, wakitazama udongo walioushindilia wenyewe. Nilidhani, wallahi nilidhani, kwamba watageuka warudi makwao. Namkunda alipita katikati yao akasimama juu ya tobo lililozibwa.

"Miche yangu iko shambani," alisema. "Haina siku mbili tangu ihame. Mnaijua miche ikishahama. Kitaluni ningeilisha kwa kifuniko, lakini shamba zima nitalilisha na nini? Nimeuza ng'ombe, wote mliona anavyoondoka. Mkifukua hapa, mnafukua watoto wangu."

"Ni kwa siku chache tu, mama," Profesa akasema kwa upole. "Maji tutayarudisha baada ya ripoti."

"Na mtahudhuria kama warsha," Mwenyekiti akaongeza haraka, bila kumtazama mtu. "Kuna karatasi ya mahudhurio. Na posho."

Sijui nani alisogea wa kwanza, na nashukuru sijui. Nakumbuka tu kwamba Mbonea alimshika shemeji yake mkono, akamtoa pale juu taratibu, na koti lake lilikuwa linang'aa. Wakafukua. Walifukua vizuri, kwa pamoja, kama walivyoziba, ila safari hii hakuna aliyeimba. Kisha wakapanga foleni kutia saini.

Nikifika hapa kila mara ninaposimulia, watu huniambia niendelee, na mimi hutaka kutema mate kwanza. Mniwie radhi.

Wabia walikuja, wakaliona tobo, wakalipenda. Ripoti ilitoka na picha ya jalada ya Profesa na kifuniko. Miche ya Namkunda ilisimama kwa siku kadhaa, ikawa ya njano, ikalala. Mtoto mkubwa alikwenda kwa shangazi yake, wa kati kwa bibi. Mdogo hakukubali kwenda na mtu. Alijifunga kwenye mguu wa kitanda kwa kanga ya mama yake, ikabidi mama amfungue kwa kisu, akamwacha kwa jirani kabla hajaanza safari ya kambi ya mkonge.

*

Mwaka uliofuata Namkunda alirudi. Alikuwa amekonda, mikono imechanwachanwa na mkonge, lakini alirudi na mbegu, akasia kitalu kilekile. Watoto aliwaahidi kwamba vitunguu vikikomaa atawafuata mmoja mmoja. Mradi ulikwisha kuondoka, utepe umechanika, bango limeezekwa kwenye banda la nguruwe la mtu. Tobo lilikuwepo, pana zaidi.

Namkunda alikwenda kwa Bwana Kangero, ambaye bado hakuwa na pikipiki, akaichukua pembe bila kuomba, akaipuliza mwenyewe.

Watu walikuja. Lakini hawakuja kwenye kona ya mwamba. Walikwenda uwanja wa shule, wakakaa kwenye kivuli, wengine wamevaa zile fulana zilizopauka, wakasubiri. Namkunda akawafuata huko na jembe lake.

"Mbona mmekaa? Kazi iko mferejini."

"Tunasubiri karatasi," mmoja akasema.

"Karatasi gani?"

"Ya mahudhurio. Nani anayegharamia?"

"Soda zinakuja au hazipo?" mwingine akauliza, wala hakuwa anatania.

Aliwatazama mmoja mmoja. Watu wema, niliwaambia tangu mwanzo. Wasiomtoza mtu mbuzi siku hizi, kwa kuwa hakuna wa kutozwa wala wa kumtoza. Waliposikia hakuna karatasi waliinuka, wakakung'uta suruali, wakaagana kwa heshima, wakaenda zao.

Namkunda alikwenda kwenye tobo peke yake. Alikata nyasi, akachimba udongo wa mfinyanzi kule bondeni, akaupandisha kilima kwa karai kichwani, akashuka tena. Alikuwa topeni hadi magotini, na sehemu ya tano ya tobo labda ilikuwa imezibwa, aliposikia magari. Yalikuwa meupe. Akashuka Profesa Kabuntu katika shati jeupe, na wageni wapya nyuma yake.

"Tazameni!" Profesa aliwaambia, sauti imejaa huruma. "Kijiji kizima, na mama mmoja mferejini. Mila ya kushirikiana haipo kabisa. Hapa ndipo pa kuanzia awamu ya pili."

Wageni wakasikitika wakatoa kamera.

"Shikamoo, mama," alisema Profesa, maana hakumkumbuka. "Tafadhali weka karai chini kwanza. Tunataka kulipiga picha tobo kabla hujaliharibu."

Namkunda alikuwa ameshika bonge la udongo kwa mikono miwili. Alilitazama, akalitazama lile shati jeupe, na wageni wakarudi nyuma hatua moja. Lakini udongo ule alikuwa ameupandisha kutoka bondeni kwa kichwa chake. Hakuona sababu ya kuupoteza kwa mtu yule. Akainama, akaushindilia kwenye tobo, akaenda kuchukua mwingine.